Risasi shingoni mwa mrashi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kulehemu fedha kuukuu, Lamu

Mrashi wenyewe, chombo cha kunyunyizia watu marashi, ni wa fedha, urefu wake milimita 271, mali ya nyumba moja ya mtaa wa Langoni. Ulifika mezani ukiwa umefungwa ndani ya leso, shingo imelalia upande mmoja, na ukiutia maji yanachuruzika pale shingo inapokutana na tumbo. Mwenyewe ni bibi mtu mzima, na alichotaka alikisema wazi: "Mwanangu, siutaki wa kuwekwa kabatini. Maulidi yakija nataka utembezwe, watu warashiwe kama zamani." Kauli hiyo iliamua nusu ya kazi. Chombo cha kutazamwa tu unaweza kukishikiza kikasimama, ukakiacha. Chombo kinachoshikwa shingoni na kutikiswa mara mia kwa usiku mmoja, tumbo limejaa marashi, kinataka kiungo kinachobeba.

Umbo lake ni lile la kawaida la pwani: kichwa chenye matundu, shingo ndefu nyembamba, tumbo la mviringo lenye nakshi za majani, na tako. Shingo ni bamba la fedha lililoviringwa likawa bomba, mshono wake wa urefu umetiwa lehemu ya asili ambayo bado ni nzima. Tumbo lina koo fupi la milimita 4 lililoinuliwa juu, kipenyo chake cha nje milimita 18, sawa kabisa na cha shingo. Unene wa bamba ni milimita 0.6 kila mahali. Shingo ilikalishwa juu ya koo, ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo udhaifu ulipoanzia. Ukingo wa milimita 0.6 ukizunguka duara lile hutoa eneo la kushikana la milimita za mraba 33 hivi tu, na shingo yenyewe ni mtarimbo mrefu unaolikongoa eneo hilo kila mrashi unapotikiswa.

Kiungo kilikwisha kuachia zamani, na mtu akakitengeneza. Alichotumia ni lehemu ya risasi (ile metali laini, si ya bunduki) na bati, ile ya mafundi wa redio. Haihitaji maabara kuitambua. Ni ya kijivu kando ya weupe wa fedha, ncha ya kisu inaingia bila nguvu, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha mstari kama wa penseli. Ilikuwa imerundikwa kuzunguka koo kama udongo wa kiota cha dondora. Chini yake, kwa lenzi inayokuza mara 10, palionekana ufa wa milimita 9: milimita 4 kwenye koo, 5 zikishuka begani mwa tumbo.

Kabla ya tupa kugusa chochote mrashi ulipigwa picha pande zote, ukapimwa kwa kalipa, na vipimo vikaandikwa. Kwa vyombo vya umri huu kumbukumbu hiyo ina faida ya pili: sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kama kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kukitengeneza kibaki kwao hakuna tatizo.

Tako lilifungwa kwa skrubu, na skrubu ilikuwa imeng'ang'ania. Kosa la wengi hapa ni kuipasha moto ilegee. Tako hili limejazwa lakiri, nta ngumu ya kuzibia, ndani ili mrashi usipinduke, na lakiri hulainika hata kabla ya maji kuchemka. Hewa iliyofungiwa chini yake ikitanuka, tako hufumuka. Lilizungushiwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni ya vuguvugu usiku kucha, asubuhi likapata tone moja la mafuta, likafunguka kwa mkono. Kichwa, shingo na tumbo bila tako vilikuwa na uzito wa gramu 204.6, na hesabu zote zinazofuata ni za uzito huo.

Fedha ya namna gani?

Swali hili lazima lijibiwe kabla ya kuchagua lehemu. Mafundi wa pwani walikuwa wakiyeyusha sarafu, na sarafu iliyokuwa tele ni reale ya Sham, ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780 hata kama imepigwa chapa miaka mia baadaye. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha halisi ndani yake ni sehemu 833 katika 1000. Rupia za India zilikuwa na 917. Fedha ya leo ya madukani ni 925.

Alama ndogo ilisuguliwa chini ya tumbo, mahali panapofunikwa na tako, ikapelekwa kwenye jiwe la kujaribia kando ya mistari ya fedha zinazojulikana, kisha ikatiwa tone la asidi ya majaribio. Fedha ya 925 ilitoa wekundu ulioiva. Ya mrashi ilitoa wekundu wa kahawia, ikaangukia kati ya 800 na 850. Hiyo inakwenda sambamba na reale.

Sasa hesabu ya moto. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi. Fedha ya 925 huanza kulegea kwenye nyuzi 800 na ushei. Lakini shaba ikizidi asilimia 9 hivi ndani ya fedha, mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 780, na hapo haijalishi kama ni 850 au 800: sehemu yake ya kwanza kuyeyuka ni ileile. Mrashi una shaba asilimia 15 au zaidi. Lehemu ngumu ya fedha inayouzwa kwa masonara hutiririka kwenye nyuzi 778 hivi. Anayeishika kwa mazoea ya kazi za 925 atauyeyusha mrashi na lehemu kwa pamoja. Lehemu ya kati, 765, inaacha nafasi ya nyuzi 15, na hakuna mkono wa mwanadamu unaoongoza tochi ya gesi kwa kipimo hicho. Zilizobaki ni lehemu laini, inayotiririka karibu na 723, na laini zaidi, karibu na 709. Namba hizi hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma karatasi ya lehemu uliyonunua. Soma pia kama imeandikwa haina kadimiamu, metali yenye sumu. Lehemu laini nyingi za zamani zilikuwa nayo, na mvuke wake huua mapafu. Kipande cha lehemu kisichojulikana kilikotoka hakitumiki, hata kama ni cha bure.

Kuondoa risasi

Hapa ndipo zilipokwenda saa nyingi kuliko kwingine kote. Sababu yake ni hii: risasi na fedha zikikutana kwenye joto hufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 304 tu. Ukiwasha tochi juu ya fedha iliyobaki na risasi hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano, risasi haichomeki ikaisha. Inaila fedha. Doa jeusi linatokea, linazama, na kabla hujafikia wekundu hafifu umepata tundu lenye kingo za kijivu. Ukiliziba kwa lehemu, lehemu nayo inaliwa. Vyombo vingi vya kale vinavyosemekana viliharibiwa na moto viliharibiwa hivi.

Kwanza risasi nyingi iliondolewa kwa joto dogo. Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Ilitumika bunduki ya hewa moto, si tochi, na mara risasi ilipong'aa kama kioo ilifutwa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kila mfuto kwa upande mpya wa kitambaa. Shingo ilitoka yenyewe wakati huo. Madirisha wazi, barakoa usoni, sinia ya chuma chini, na matone yote yakaingia koponi. Zilitoka gramu 3.9 kwa jumla, tukihesabu na zilizokwanguliwa baadaye.

Kilichobaki ni utando mwembamba ulioshika fedha, na huo haufutiki. Ulikwanguliwa kwa kisu cha kukwangulia chenye pande tatu, chini ya lenzi, kuelekea ukingoni daima, si kuelekea nakshi. Macho yanajifunza haraka: risasi inakatika laini na kung'aa kibuluu, fedha inakatika kwa ugumu kidogo na kubaki nyeupe. Kwenye shingo risasi ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya ukingo, kwa kuwa aliyetangulia alipasha mno, kwa hiyo milimita 1.5 za ukingo zilikatwa kwa msumeno wa sonara zikatupwa. Mrashi umepungua urefu. Ni afadhali kuliko kuacha ukingo uliooza.

Ndani ya ufa kisu hakifiki. Ufa ulitanuliwa kwa ubapa wa msumeno namba 2/0 hadi risasi ikaonekana pande zote mbili, kisha tumbo likazamishwa begani kwenye siki nyeupe na haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, vipimo sawa, ndani ya bakuli la kioo. Mchanganyiko huu huyeyusha risasi. Huila shaba pia, kwa hiyo ni dakika 20, toa, osha, piga brashi, tazama, rudia. Ilirudiwa mara tatu. Maji yake yana chumvi ya risasi, ambayo ni sumu na ladha yake ni tamu, hivyo yawekwe mbali na watoto na paka. Hayamwagwi kwenye mfereji wa uchochoroni, maana mfereji wa Lamu unaishia baharini, tunakovua. Yaliachwa yakauke kwenye chupa pana juani, mabaki yakafungwa pamoja na risasi.

Kuna mafundi watakaouliza kwa nini kisiachwe kiungo cha moto mdogo, kwa lehemu ya bati na fedha isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221. Ni hoja ya heshima, na kwa chombo chenye vito au nyuzi nyembamba za kusokota tungeifuata. Hapa hatukuifuata. Bati nalo huila fedha likipashwa, na atakayekuja kukilehemu baada ya miaka arubaini angekuta mtihani uleule. Tena hiki ni chombo cha kioevu kinachonyunyiziwa watu usoni, na marashi mawaridi nyumba nyingi huyatia hata kwenye vyakula vya harusi. Risasi ilikuwa haina budi kutoka yote. Ikishatoka yote, hakuna sababu ya kuogopa moto.

Pete na kiraka

Kulehemu tena ukingo kwa ukingo kungerudisha udhaifu uleule wa milimita za mraba 33. Ilitengenezwa pete ya kuingia ndani ya shingo na ndani ya koo, isiyoonekana kwa nje. Kipenyo cha ndani cha shingo na cha koo ni milimita 16.8. Pete ilipangiwa kipenyo cha nje 16.7. Urefu wa bamba la pete hupigwa kwa kipenyo cha katikati ya unene, yaani 16.7 ukitoa 0.6, sawa na 16.1, mara 3.1416: milimita 50.6. Anayetumia kipenyo cha nje hupata pete kubwa kwa karibu milimita 2 za mzingo, kisha hushangaa kwa nini haiingii. Upana ulikuwa milimita 8, nusu kwenda juu na nusu chini. Eneo la kushikana likawa zaidi ya milimita za mraba 200 kila upande, mara sita ya awali.

Pete ilikuwa ya fedha ya 925. Mshono wake ulitiwa lehemu ngumu ya 778, kwa sababu peke yake, mbali na mrashi, inaustahimili moto huo, na mshono ule hautayeyuka tena katika hatua zijazo.

Kwa ufa, ncha yake ilitobolewa kwa keekee tundu la milimita 0.6. Ufa wa bamba lililochoka unaendelea kutambaa kutoka kwenye ncha kali, ukikutana na tundu la mviringo unasimama. Sehemu ya ufa iliyo kwenye koo itafunikwa na pete. Ya begani ilihitaji kiraka cha ndani: bamba la milimita 0.4, urefu 9 na upana 7, likapondwa taratibu juu ya kichwa cha nyundo ya duara hadi likafuata mbonyeo wa bega. Kiraka kizuri kinashikamana kabla ya moto. Ukikiweka mahali pake ukaona mwanga kando yake, kirudishe kwenye nyundo.

Mpangilio wa lehemu ukawa hivi: kiraka kwa lehemu ya 723, kisha shingo kwa ile ya 709. Tofauti inaonekana ndogo, lakini lehemu iliyokwisha kutiririka hupoteza zinki kidogo na kunywa fedha ya jirani, kwa hiyo kuyeyuka mara ya pili hutaka joto zaidi.

Jaribio lilifanywa kwanza kwenye vipande vya 925 vya ovyo, na likashindwa, na kushindwa huko kuliokoa mrashi. Dawa ya kulehemu, ile inayosafisha fedha ili lehemu itiririke, ilikuwa boraksi tupu iliyosagwa na maji juu ya kigae, kama ilivyozoeleka. Boraksi huyeyuka kwenye nyuzi 743. Lehemu ya 709 ilikwisha kuwa tayari huku dawa bado ni ganda jeupe gumu. Ikajikusanya kuwa kijitone, kikaviringika kama maji juu ya jani la mgomba. Ukiongeza moto ili boraksi ifunguke umevuka joto la lehemu na unasogelea 780. Ilibadilishwa kwa dawa ya kupaka yenye floridi, ya lehemu za joto la chini, ambayo huwa angavu kama maji karibu na nyuzi 600. Mvuke wake unawasha koo na macho, kwa hiyo hewa lazima ipite.

Moto

Kuhusu hewa: kazi ilifanywa chumba cha chini cha nyumba, kuta za mawe ya matumbawe, mlango wazi kuelekea ua wa ndani. Tochi ya gesi haiwashwi chini ya makuti, hata kwa dakika moja, hata ukiwa na ndoo ya maji kando. Nao upepo wa kusi unaingia uani kwa vishindo na kuvuruga mwali, kwa hiyo matofali ya moto yalisimamishwa pande tatu. Giza la chumba lina faida yake: wekundu hafifu wa fedha, karibu na nyuzi 650, hauonekani kwenye jua la mchana, na fundi anayefanyia kazi juani hugundua amezidisha pale bega linapoanza kung'aa kama limelowa.

Fedha yenye shaba nyingi hupata doa la moto: hewa hupenya usoni, shaba iliyo chini ya uso huungua, na baada ya kung'arisha unabaki na kivuli cha zambarau. Kwenye sahani tupu unakikwangua. Kwenye tumbo la nakshi huwezi, maana utakwangua na nakshi. Kwa hiyo tumbo na shingo vilichovywa kwenye asidi ya boriki iliyokorogwa ndani ya spiriti, vikawashwa kwa kiberiti mbali na chupa, spiriti ikaungua kwa rangi ya kijani na kuacha ukungu mweupe. Ilirudiwa mara tatu hadi mashimo yote ya nakshi yakawa yamefunikwa. Mshono wa urefu wa shingo na nyuzi za skrubu vilipakwa tope la chaki na maji ili lehemu isivutwe huko. Kichwa chenye matundu kilichomekwa ndani ya nusu ya kiazi mbatata kibichi. Kiazi kina maji mengi, na maji yale huzuia joto lisipande likafika kwenye lehemu ya zamani ambayo hatujui inayeyuka wapi.

Kiraka kilikuwa cha kwanza. Vipande 14 vya lehemu, kila kimoja milimita 1 kwa 1.5 na unene 0.3, viliyeyushwa juu ya kiraka kikiwa nje, kikaingizwa kupitia koo kwa kibanio kirefu, kikashikizwa kwa spiringi ya waya wa chuma. Tumbo likapashwa kutoka nje kwa mwali laini unaozunguka. Mstari wa fedha ulipochomoza ndani ya ufa, moto uliondolewa.

Tumbo lilipotiwa maji baada ya kuosha, tone moja lilijitokeza kwenye lile tundu la ncha ya ufa. Kosa lilikuwa la mpangilio: lehemu ilikuwa imetandazwa kingoni mwa kiraka pande zote, kingo zikafunga kwanza, na dawa iliyonaswa katikati haikupata pa kutokea. Lehemu ilipaswa kukaa katikati, ikiyeyuka isukume dawa kwenda nje. Ilitiwa dawa mpya, vipande viwili vya lehemu ya 709 juu ya tundu, na moto wa pili wa sekunde chache. Ndiyo faida ya kupima kila hatua: kosa lile lile likigunduliwa baada ya shingo kufungwa lingekuwa kazi ya kuanza upya.

Shingo sasa. Vipande 48 vya lehemu viliyeyushwa juu ya uso wa nje wa pete kabla ya kuiingiza, utando wa milimita 0.05 hivi, ukasawazishwa kwa tupa laini hadi pete ikaingia kwa kubana. Vinundu vya lehemu viliifanya shingo isikae chini kabisa. Ikabaki nafasi ya nusu milimita kati yake na koo, na nafasi hiyo iliachwa kwa makusudi.

Tumbo ni zito, shingo ni nyepesi, na lehemu hukimbilia penye moto zaidi. Anayeelekeza tochi kwenye kiungo moja kwa moja huchemsha shingo, lehemu yote hupanda juu na koo linabaki kavu. Dakika tatu za mwanzo mwali ulizunguka tumbo tu, chini ya bega, haukusimama mahali. Dawa ilivimba, ikatulia, ikawa angavu. Ndipo mwali ukapanda na kuanza kupitapita kwenye kiungo. Shingo ilishuka yenyewe ile nusu milimita, polepole, kama mtu anayekaa kitako, na uzi mweupe unaong'aa ukazunguka koo lote. Tochi ilizimwa. Tangu kuwashwa zilikuwa dakika nne.

Baada ya moto

Mrashi uliachwa upoe wenyewe hadi uweze kushikika. Kuutumbukiza majini ukiwa mwekundu huokoa dakika kumi na huweza kupinda shingo. Maji ya moto yaliondoa dawa. Waya wote wa chuma ulitolewa, ukahesabiwa, kwa kuwa chuma kikiingia kwenye maji ya kusafishia, shaba iliyoyeyuka humo hujipaka juu ya fedha na chombo chote hutoka chekundu. Kisha maji ya shabu, ile ya kutulizia maji ya kisima, gramu 100 kwa lita, moto wa kuvumilika na kidole kwa sekunde moja, dakika 10. Kibanio kiwe cha shaba au mwanzi.

Shabu ni tindikali, na tone lililobaki nyuma ya pete litavuja baada ya mwezi mmoja likiwa kijani. Mrashi ulijazwa maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia kwa lita, ukaachwa nusu saa, ukasuuzwa mara tatu na kukaushwa kwa hewa moto, shingo chini.

Kipimo cha mwisho kilikuwa maji hadi nusu ya shingo, mrashi umeegemezwa juu ya karatasi nyeupe saa 12, ukigeuzwa upande kila baada ya saa tatu. Karatasi ilibaki kavu. Uzito mpya ni gramu 203.0: zilitoka 3.9 za risasi na 0.8 za fedha iliyokatwa na kukwanguliwa, zikaingia 2.8 za pete na kiraka, na 0.3 za lehemu.

Haukupigwa mashine ya kung'arisha. Unga wa chaki na maji kwa kitambaa cha pamba ulitosha, na weusi ulioko ndani ya majani ya nakshi uliachwa, maana ndio unaoyafanya yaonekane. Bibi alitaka kujua kama auoshe kwa ukwaju kama misumari ya shaba ya mlangoni, au kwa ndimu na chumvi. Chumvi ndiyo mbaya zaidi, hushika fedha ikaacha utando wa kijivu usiotoka kwa kusugua. Baada ya kila shughuli ni maji matupu, kukausha kichwa chini, na kufunga kwa kitambaa cha pamba kisichotiwa wanga. Mpira na sufu vikae mbali, vina salfa inayoifanya fedha iwe nyeusi. Bonge la chaki ndani ya sanduku hunywa unyevu wa bahari.

Ndani ya tako, upande wa juu wa lakiri, pana nafasi ya kutosha karatasi iliyokunjwa. Imewekwa humo, imeandikwa kwa penseli: fedha kati ya 800 na 850, inaanza kuyeyuka 780, risasi imeondolewa, kiraka begani, lehemu 723, na ncha ya ufa 709, pete shingoni, 709, mshono wa pete, 778, mshono wa shingo na kichwa ni vya asili, haujapimwa, tako lina lakiri, lisipashwe.